Dada hana zamu

Jumanne moja ya Februari niliingia kazini, kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, saa 2 kasorobo asubuhi, nikavua koti, nikasimama na wenzangu kwenye makabidhiano. Muuguzi wa usiku alikuwa akisoma chumba kwa chumba kama kawaida: huyu kalala vizuri, huyu kakataa dawa, huyu kaanguka ila hajaumia, namba 9 amefariki saa 10 alfajiri. Na mimi, kabla ya innalillahi, kabla ya chochote, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: afadhali, leo nina mmoja pungufu wa kuogesha.

Sikulisema kwa mdomo. Lakini nililisikia vizuri kichwani mwangu, nikaona haya kana kwamba wote mle chumbani wamelisikia.

Namba 9 hakuwa mpita njia kwangu. Nilikuwa nikimwita Bwana Reli, maana maisha yake yote alifanya kazi kwenye reli, na hata ugonjwa wa kusahau ulipomnyang'anya majina ya wanawe haukuweza kumnyang'anya majina ya stesheni. Nilipomwambia kwamba kwetu Tanga kuna reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, aliniuliza swali ambalo hakuna Mtanga aliyewahi kuniuliza: upana wake kiasi gani? Sikujua. Jioni nikatafuta kwenye simu. Mita moja kamili, na ya kwao Waingereza ni milimita 1,435. Nilipompa jibu siku ya pili alicheka mpaka akakohoa, akasema hiyo yenu ni reli ya watoto kuchezea. Kuanzia hapo kila nikimnyoa nilikuwa natajiwa stesheni mojamoja. Nilimwogesha, nikamnyoa na kumlisha kwa miaka 2 na miezi 7. Halafu siku anakufa, mimi nahesabu vichwa.

Niliingia bafu la wafanyakazi, nikakaa juu ya kifuniko cha choo, nikasubiri machozi. Hayakuja. Saa 3 nilikuwa namvisha soksi mzee wa namba 10.

Kwa wasionijua: nilikuwa mwalimu wa jiografia Muheza, nikaja Uingereza mwaka 2012, na tangu hapo nafanya kazi kwenye nyumba za wazee. Nyumbani kazi hii ina jina lake, wala halisemwi kwa heshima: "yuko Ulaya, anaosha wazee." Zamani lilinichoma. Siku hizi nalijibu kwamba ndiyo, naosha wazee, na ningependa kumwona anayecheka akimgeuza mtu wa kilo 90 kitandani bila kumchubua ngozi.

Watu hudhani kinachotumaliza ni uzito huo. Mgongo unauma, sikatai. Lakini uzito una dawa yake: kuna mashine ya kunyanyulia, kuna shuka la kutelezesha, na kwenye mashine hiyo tunafundishwa kusimama watu wawili, mmoja anaendesha na mwingine anamshika mzee na kumtuliza. Mgongo wangu uliumia siku ambayo hatukuwa wawili. Mwenzangu aliugua, wakala hakupata mtu wa kuleta, nami nikajiambia "ngoja nimalize haraka". Kwa hiyo hata huo uzito, ukiuchunguza, ni upungufu wa mikono tu.

Hilo la Bwana Reli lilikuwa jambo jingine. Nikaanza kulitafutia jina. Kuchoka hakutoshi, kwa sababu aliyechoka hulala akaamka mzima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu wa aina hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, wakasema wenyewe kwamba si ugonjwa bali ni jambo la kazini, msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Alama zake wakazitaja tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga kazi yako moyoni au kuidharau, na kuona kwamba hakuna unachokifanya kikafaa. Nilizisoma nikiwa kwenye basi. Ya pili ndiyo iliyonishika shati. Mama yangu angeiita kukinai, lakini aliyekinai hujijua kwamba amekinai. Mimi naiita ganzi. Mguu uliokufa ganzi hauumi, ndiyo maana unaweza kuukanyagia moto bila kujua.

Nilikuwa nimefikaje hapo? Hesabu yake ni rahisi hata aibu. Mwezi ule nilikuwa nafanya siku 6 kwa wiki, saa 12 kila siku. Hizo ni saa 72. Sheria ya hapa tangu mwaka 1998 inasema mtu asivuke wastani wa saa 48 kwa wiki, isipokuwa ametia sahihi mwenyewe kwamba amekubali kuvuka. Nilitia sahihi siku ya kwanza kabisa, pamoja na fomu ya sare. Hakuna aliyenishikia bunduki. Mama alikuwa amepata kiharusi, kulikuwa na madaktari, godoro la hewa, kiti cha magurudumu, pampasi za wakubwa ambazo bei yake inajulikana na mwenye mgonjwa peke yake. Kila simu ya meneja ikisema "unaweza kuja Jumapili?" mimi nilikuwa nasikia sauti ya duka la dawa.

Na mimi nina nafuu, maana karatasi zangu ni zangu. Kuna vijana waliokuja kuanzia mwaka 2022, dirisha la viza ya watunza wazee lilipofunguliwa. Viza yao imefungwa kwenye mguu wa mwajiri. Ajira ikikatika, mtu hupewa siku 60 kutafuta mwingine wa kumdhamini au afungashe. Niambie kijana huyo atasemaje "Jumapili siwezi". Machi 2024 wakazuiwa wapya kuja na wake, waume na watoto, na Julai 2025 dirisha lenyewe likafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Wengi wananiandikia wakiuliza kuhusu mshahara. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza atalala saa ngapi.

Nimewahi kuona namna nyumba za wazee zinavyojaribu kuzuia jambo hili. Mahali pamoja walibandika bango mlango wa jikoni: jitunze ili uweze kutunza. Chini yake ukawekwa mshumaa wa kunukia ambao haukuruhusiwa kuwashwa, kwa sababu ya king'ora cha moto. Tukaletewa biskuti. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walikuwa wanatoka milangoni kila Alhamisi saa 2 usiku kutupigia makofi, na saa 2 usiku ndiyo saa ya kubadilishana zamu, kwa hiyo makofi yenyewe tuliyasikia kupitia dirishani huku tukipeana orodha ya nani ana homa. Siwalaumu. Makofi yalikuwa ya kweli. Ila sikuyaona kwenye ratiba ya wiki iliyofuata.

Yaliyonisaidia yalikuwa madogo na ya kijinga kidogo, na mengi nilifundishwa na Mfilipino mmoja, muuguzi wa usiku, mama mtu mzima aliyefanya kazi hii zaidi ya miaka 20 na bado anajua kila bibi anapenda chai ya namna gani. Alinikuta nimekaa ndani ya gari, zamu imekwisha saa nzima, sijawasha injini. Akaniuliza: umekabidhi? Nikasema ndiyo. Akasema, hujakabidhi, umesoma karatasi tu.

Yeye alikuwa na utaratibu. Kabla ya kutoka anasimama mlangoni mwa kila chumba, anamtaja mzee jina kimoyomoyo, anasema huyu sasa si wangu mpaka kesho. Anafika kwenye kabati, anavua viatu vya kazi, na viatu hivyo haviendi nyumbani. Niliona kama uganga. Nikajaribu wiki moja, nikaendelea. Sijui kinachofanya kazi ni nini hapo, kutaja majina au vile viatu, ila kuna siku nilifika nyumbani nikagundua sijamfikiria mzee hata mmoja njia nzima.

Jambo la pili lilihusu kifo. Waingereza wa kazi hii wana desturi moja naipenda: mtu akifa, wanafungua dirisha la chumba chake. Ukiwauliza sababu, mmoja atakwambia ni hewa, mwingine ni roho ipate njia, wa tatu atanyanyua mabega. Tatizo ni kwamba dirisha likishafunguliwa kazi inaendelea. Kwetu mtu akifa kuna tanga, kuna majamvi nje, kuna ubwabwa wa msibani, kuna watu wanaokuuliza ilikuwaje mpaka unachoka kusimulia, na kule kusimulia ndiko kunakokutua mzigo. Hapa chumba kinasafishwa, na baada ya siku 3 au 4 kuna mzee mwingine na picha nyingine ukutani. Mimi katika miaka hii nimezika watu zaidi ya 60, nikitumia neno hilo vibaya kwa makusudi, na sikukalia matanga hata ya mmoja.

Alipokuja meneja mpya, yule mama wa Kifilipino alimshawishi tukae. Siyo kikao cha kazi. Kuna mwanasheria wa Boston aliyeitwa Kenneth Schwartz, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, na kituo kilichoanzishwa kwa jina lake ndicho kilicholeta vikao ambapo wahudumu wa afya wa ngazi zote wanakaa kusimulia kazi inavyowagusa, bila kujadili tiba wala makosa ya mtu. Hospitali za Uingereza zilianza navyo mwaka 2009. Sisi tulikopa wazo tu, kwa udogo wetu: nusu saa, mara moja kwa mwezi, inahesabiwa ndani ya saa za kulipwa, na mpishi na msafishaji wamo. Hilo la kulipwa lisipuuzwe. Ukimwambia mtu abaki bure baada ya saa 12 aje aongelee uchovu wake, umemchosha zaidi.

Kikao cha kwanza nilisimulia habari ya "mmoja pungufu". Nilidhani watanitazama vibaya. Msafishaji, mwanamke mkimya wa Kipolandi, akasema yeye kila mtu akifa hufikiria kwanza zulia.

Tulicheka sana. Halafu akalia, na mimi nikalia, miezi 4 baada ya Bwana Reli.

La tatu ni la ufundi, na natamani ningefundishwa wiki ya kwanza. Bibi wa chumba namba 14, jua la Desemba likizama saa 10 jioni, huchukua mkoba wake akasimama mlangoni: anataka kwenda kwao, mama yake anamngoja. Wengi wenye ugonjwa wa kusahau hubadilika jioni namna hiyo, giza likiingia wasiwasi nao unaingia. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba mama yake alishafariki. Alilia kama aliyeletewa habari siku hiyo, na kwake ilikuwa siku hiyo kweli. Robo saa baadaye akarudi mlangoni na mkoba. Unaweza kufanya hivyo mara 40 kwa jioni moja, na usiku utakuwa umekauka kama kauzu. Sasa namwambia, "Mama anapika nini leo?" Ananieleza. Tunakaa. Siyo uongo na siyo ukweli, ni mazungumzo. Nimegundua kwamba sehemu kubwa ya uchovu wangu wa miaka ya mwanzo ilikuwa ubishi, nilikuwa nikishindana na ubongo ulioumwa kana kwamba ni mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekosea mji mkuu.

Na la nne, nilifuta ile sahihi. Barua ya mistari miwili. Nikabaki na zamu 4 kwa wiki, saa 48. Mapato yakashuka, nyumbani wakauliza kulikoni, nikasema ukweli. Wapo walionuna.

Basi, nilidhani nimemaliza somo. Nikawa mtaalamu. Nikawa nawahutubia vijana wapya kuhusu mapumziko.

Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, nikapata voisi ya dakika 4 kutoka kwa dada yangu mkubwa. Huyu ndiye anayekaa na mama Ngamiani, kwetu Tanga, tangu kiharusi. Dakika 3 za kwanza ni habari za kawaida, luku, mvua, bei ya mchele. Dakika ya mwisho sauti ikashuka. Akasema mama alikataa kula futari, akautema uji kwenye shuka alilotoka kubadilishiwa sasa hivi, "nikamwambia, mdogo wangu, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, si ufe tu upumzike, na mie nipumzike. Na wala sikusikia kitu moyoni."

Niliisikiliza mara tatu. Wala sikusikia kitu. Ganzi ile ile.

Mimi nina zamu. Nina makabidhiano, likizo ya kulipwa ya wiki 5 na siku kadhaa, mashine ya kunyanyulia, dakika za chai. Dada ana mama, saa 24, mwaka wa 3, na akilalamika anakumbushwa pepo ipo chini ya nyayo za mama. Sisi ndugu wanne wengine tunatuma pesa, kisha tunauliza kwenye kundi la WhatsApp "Bi Mkubwa anaendeleaje?" Nilirudi nyuma kwenye kundi lile miezi 6. Hakuna mahali tulipouliza dada anaendeleaje. Mimi mwenyewe, mtaalamu, sikuuliza.

Naomba niseme na hili, maana wanaume wenzangu watalileta. Nilipokwenda likizo mwaka 2023 nilisema nitamwogesha mama mimi, ndiyo kazi yangu, nimeogesha mama za watu mamia. Nikaandaa beseni, maji ya uvuguvugu, taulo mbili, kila kitu kwa utaratibu wa Ulaya. Mama, ambaye nusu ya mdomo wake haisogei, alinitazama akasema maneno yaliyoeleweka kuliko yote ya likizo ile: "We, toka. Niitie dada yako." Nikatoka. Nikakaa barazani na beseni langu. Kwa hiyo mdogo wetu wa Muheza aliposema kwenye kundi "mie mwanamume nitamwogeshaje mama?" sikuwa na cha kumjibu kuhusu kuogesha. Nikamjibu kwamba siku ina saa 24 na kuoga kunachukua moja.

Tukatengeneza ratiba. Niliichora kwenye karatasi ya miraba, nikaipiga picha, nikaituma. Mdogo anakuja Ijumaa jioni mpaka Jumapili alasiri: anamlisha, anamgeuza, analala chumba kimoja naye, dada analala nyumba ya jirani ili asisikie mama akiguna. Mama mmoja wa mtaani anakuja kila asubuhi kwa kufua na kuogesha, analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Zamu moja ya saa 12 kwa kima cha chini cha hapa mwaka ule, pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, ilikuwa pauni 146 na peni 52 kabla ya kodi. Kwa hiyo zamu yangu moja inamlipa huyo mama, na chenji inabaki. Miaka mitatu hatukuipiga hesabu hiyo kwa sababu dada alikuwa bure.

Kugeuza niliwafundisha kwa video. Shuka la kutelezesha hatuna, tukatumia kanga: unaikunja mara mbili, unaipitisha chini ya makalio na mabega, mmoja huku mmoja kule, moja, mbili, tatu, mnavuta bila kumkwaruza. Visigino vinaelea juu ya mto visiguse godoro. Nilimfanya mdogo wangu alale yeye kitandani, dada na mama wa kufua wakamgeuza, akapiga kelele kama anachinjwa, na mama pembeni kwenye kiti akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kumtoa dada mlangoni. Nilimwambia una likizo ya siku 10, nenda Lushoto kwa shangazi. Akasema na mama je? Nikasema umekabidhi. Akasema mimi si mwajiriwa wa mama yangu. Tukagombana, nikamtumia nauli, akaiweka kwenye mchele, nikatuma tena. Desemba akapanda basi.

Siku ya kwanza alipiga nyumbani mara 9, mdogo alizihesabu. Kala? Kanywa? Kisigino je? Siku ya pili mara 7. Siku ya tatu alimfokea mama wa kufua kwa simu kuhusu sabuni. Siku ya nne kimya. Saa 5 asubuhi ya kwao, mimi nikiwa natoka zamu ya usiku, viatu mkononi, nikaingiwa na hofu, nikampigia. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Nimelala," akasema. "Kwani kuna nini?"